Kona Iliyotafunwa na Mbuzi

Kwa miaka miwili ufunguo wa maktaba ya shule yetu ulikaa kwenye mkoba wangu, umefungwa kwa kipande cha kitenge ili nisiuchanganye na wa nyumbani. Niliutunza kuliko simu yangu. Mwalimu mwenzangu akihitaji kamusi tulikwenda wote, nikamfungulia, nikasimama mlangoni mpaka amalize, nikafunga. Wanafunzi walikijua chumba kile kwa dirisha tu. Wakati wa mapumziko ungewakuta wamebebana mabegani, aliye juu akiwasimulia walio chini anachokiona: "Kuna chenye twiga. Kuna kingine kina mtu amepanda punda."

Shule ipo wilayani Chamwino. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, watu wakisikia Chamwino wanafikiria Ikulu. Kwetu ni mbali na huko. Unaiacha lami, unaingia kwenye mibuyu na mashamba ya uwele, mtama na alizeti, na ukija kati ya Mei na Novemba hukuti tone la mvua, ni upepo na vumbi linaloingia mpaka ndani ya boksi la chaki.

Walimu wenzangu wataelewa kwa nini nilifunga. Kila kitabu kilikuwa na namba kwenye leja na mhuri wa shule ukurasa wa kwanza. Siku ya ukaguzi anayeulizwa ni mwenye ufunguo. Kitabu kikipungua unaandika maelezo, na habari za mwalimu fulani aliyeambiwa alipe kutoka mfukoni husambaa shule hadi shule haraka kuliko waraka wowote. Hakuna aliyewahi kuniuliza vitabu vimesomwa mara ngapi mwaka huo. Niliulizwa vipo vingapi. Basi nikahakikisha vipo.

Halafu ikaja Machi, mvua zimekolea. Niliingia kuchukua ramani ya Afrika, nikaona unga mwekundu umemwagika sakafuni kwenye kona. Nikavuta boksi la chini kabisa. Nusu yake ilikuja na mikono yangu, nusu nyingine ilikuwa udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia ufa wa sakafu, wakajenga taratibu nyuma ya maboksi, mahali ambapo hakuna mtu aliyefika kwa miezi mingi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazuia watu wasifike. Vilivyoliwa ni vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vile vyembamba vyenye picha. Hakuna mtoto aliyewahi kuvishika. Nilivunja bonge moja la udongo, ndani yake mkawa na kipande cha karatasi chenye neno moja tu: "akacheka".

Mwalimu Mkuu alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa. "Andika kwenye leja, mwalimu. Sababu: vimeliwa na mchwa."

Nikaandika. Namba baada ya namba, sababu ni hiyohiyo. Hakuna aliyenidai senti. Hakuna aliyenitaka maelezo zaidi. Hapo ndipo roho iliponiuma. Kitabu kikiliwa na mchwa ni hasara inayokubalika, kikichakaa mikononi mwa mtoto ni kesi. Nilikuwa nimevilinda dhidi ya watu wenyewe walionunuliwa vitabu hivyo.

Nina rafiki aliyesomea ukutubi kule Bagamoyo. Nilimpigia simu jioni ile, nikijua atanifariji. Akaniambia kwamba mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, aliandika kanuni tano za kazi yao, na ya kwanza kati ya hizo ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Akaniambia kanuni hiyo inakuja kabla ya namba na kabla ya mhuri. Kisha akasema, "Wewe dada yangu ulikuwa na stoo." Sikulala vizuri.

Nilipoomba ruhusa ya kuwaazimisha watoto vitabu waende navyo nyumbani, Mwalimu Mkuu hakukataa, ila alitaka kamati ya shule ijue kwanza, na mimi naona alifanya sawa. Kwenye kikao wazazi wawili watatu walikuwa na wasiwasi. Watoto watavimwagia uji. Watavifanya karatasi za kufungia karanga. Mzee mmoja alisikiliza mpaka wote wakamaliza, akauliza, "Mwalimu, vitabu hivi vilinunuliwa viliwe na nani?" Kikao kikaisha hapo.

Tulianza Jumanne, chini ya mkwaju ulio nyuma ya darasa la sita. Makabati tuliyapandisha juu ya matofali, miguu ikawekwa kwenye makopo yenye oili chafu, na katikati ya vitabu nikatia majani makavu ya mwarobaini. Jamvi mbili zilitoka kwa wazazi. Nilifanya kosa moja kubwa mwanzoni: niliandika KIMYA kwenye karatasi ya manila nikaibandika mtini, kwa sababu ndivyo nilivyojua maktaba inavyokuwa. Watoto wakakaa kama wako kwenye mtihani. Wanageuza kurasa, macho yananitazama mimi. Wiki ya tatu nikalibandua tangazo lile.

Kuna jambo nataka kulieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona halisemwi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukosea, na asiwe ameelewa chochote. Kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea Kigogo, na Kiswahili amekikuta shuleni, hali hiyo inaweza kudumu mpaka darasa la nne. Kwenye upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anaonekana anajua kusoma. Mimi mwenyewe nimewapa watoto wa namna hiyo alama nzuri. Mmoja alinisomea vizuri kabisa sentensi kuhusu mvuvi na ndoana yake. Nilipomuuliza ndoana ni nini, akasema ni sherehe ya kuoa. Ametafuta neno lililo jirani, ndoa, akashika hilo. Alikuwa anajitahidi kuelewa kwa kile kidogo alichonacho. Huyo hahitaji silabi zaidi, anahitaji hadithi nyingi, asikie neno "ndoana" likitoka na samaki.

Ndiyo maana shughuli ya kwanza ya maktaba yetu ikawa masikio. Ninasimama na kitabu, ninaita "Hadithi, hadithi!" nao wanaitikia "Hadithi njoo!" kama walivyozoea kwa bibi zao, halafu ninasoma kwa sauti, polepole, nikiwaonyesha picha. Nikifika pale ambapo fisi ameshika kitasa cha mlango, ninafunga kitabu. Ninakiweka juu ya jamvi. Anayetaka kujua kilichotokea akiazime.

Siku ya kwanza kulikuwa na vurugu, nakala ni moja na watoto ni zaidi ya themanini. Tukapata njia: kitabu kinaazimwa na wawili wanaokaa karibu, mkubwa na mdogo, na aliyekisoma haruhusiwi kumsimulia mwenzake mwisho mpaka naye asome. Sharti hilo la pili lilitoka kwa watoto wenyewe na wanalisimamia kwa ukali kuliko mimi. Kamati ya maktaba ina wanafunzi sita. Wao ndio wanaoandika kwenye daftari la kuazima, wao ndio wanaokumbusha, na wao ndio wenye ufunguo siku za Jumanne.

Maswali ya ufahamu nimeyaacha chini ya mkwaju. Darasani yana kazi yake. Lakini nilimwona binti mmoja akifika mwisho wa hadithi, uso umewaka, nami nikamrukia: nani alifanya nini, wapi, kwa nini. Uso ukazima palepale, akaanza kujibu kama mshtakiwa. Siku hizi mtoto akirudisha kitabu ninamuuliza kama amwazimie rafiki yake au la. Jibu lake huwa refu.

Zawadi pia tumezijaribu, muhula mmoja. Atakayesoma vitabu vingi zaidi apate madaftari matatu. Vitabu vikaanza kurudi siku ileile vilipoazimwa. Vyembamba viligombewa, vinene havikuguswa. Mtoto mmoja mwaminifu alikuja kuniambia, macho chini, kwamba yeye anageuza tu kurasa. Nikafuta mashindano kabla muhula haujaisha, na madaftari tukayagawa kwa kamati. Najua shule nyingi zinafanya hivi na zinapiga picha nzuri za washindi. Mimi ninaamini kabisa kwamba mtoto anayerudia kitabu kimoja mara tano amesoma kuliko aliyepitia ishirini, na mashindano ya hesabu hayana namna ya kumwona.

Kulikuwa na maboksi mengine, ya vitabu vya Kiingereza vilivyotoka ng'ambo, vizuri, vigumu, vyenye theluji na treni za chini ya ardhi. Shule yetu ni ya Serikali, masomo ni kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la tatu havielewi. Wapo wanaosema vitupwe. Sisi tuliwapa watoto picha zilezile wakazitungia maneno yao, wakaandika kwenye vipande vya karatasi, tukabandika juu ya maandishi. Watoto wa theluji sasa wanaitana kwa majina ya Chamwino na wanapeleka mbuzi kunywa maji.

Jumanne moja ya Julai, baridi ya asubuhi bado haijaondoka, bibi mmoja alifika kwenye mkwaju. Alikuwa amefunga kitabu kwenye pindo la khanga kama mtu aliyebeba fedha. "Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Watoto wakaitikia kwa pamoja, wakasimama. Nikamwamkia, nikamkaribisha kwenye kiti.

"Mjukuu wangu anaumwa homa," alisema. "Kanituma nimbadilishie. Na mimi mwanangu nataka changu. Ila kisiwe cha sungura. Kila siku sungura anashinda, nimemchoka."

Nikamuuliza kama anasoma. Akacheka kidogo, akanionyesha kwa kidole mbuyu mkubwa ng'ambo ya uwanja. "Pale. Tulipoletwa kijijini, kisomo kilikuwa pale. Jioni, tukitoka shamba."

Umri wake ulikubaliana na maneno yake. Operesheni Dodoma iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa mwaka 1970 na 1971, na mwaka huohuo wa 1970 Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kina mama waliokuwa hawajawahi kushika kalamu walikaa chini ya miti wakiandika majina yao mavumbini. Kufikia 1986 takwimu za nchi zilisema watu wazima tisa kati ya kumi wanajua kusoma na kuandika. Ilikuwa kazi kubwa, na mimi ninaionea fahari kila ninapoifikiria.

"Nilipewa na cheti," bibi akaendelea. "Kikaliwa na panya. Halafu hakikuja tena kitu cha kusoma. Macho yanajua, mwanangu, ila hayakupewa kazi." Kwa zaidi ya miaka arobaini alisoma vifuko vya chumvi na majina kwenye misalaba ya makaburini. Kisha mjukuu akaingia na kitabu ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, akakisoma kwa sauti karibu na moto, akakosea neno, na bibi akajikuta anamsahihisha.

Nilimpa kitabu kisicho na sungura. Hakuondoka. Alikaa akasikiliza nikisoma, na nilipofunga kitabu pale patamu alikasirika kweli. "Hivyo sivyo hadithi inavyotolewa." Akachukua nafasi yangu, akatoa yake, ya msichana aliyekataa wachumba wote, akichanganya Kiswahili na Kigogo, na penye kuimbwa akaimba, watoto wakaitikia. Akaimaliza mpaka mwisho. Nikawaambia darasa la sita waiandike.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutengeneza vitabu vyetu. Karatasi ni za mitihani ya zamani iliyochapwa upande mmoja. Mtoto anaandika upande mweupe, tunakunja kila karatasi kati kwa kati, maandishi ya mtihani yakiwa ndani ya mkunjo, tunazipanga, tunatoboa matundu matano pembeni kwa msumari, tunashona kwa shazia na uzi wa magunia. Jalada ni boksi la sabuni. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa mwepesi mpaka ung'ae. Jina la mtungaji linaandikwa kwa maka peni juu, na la bibi au babu aliyesimulia chini yake. Mtoto wa kwanza kuona jina lake kwenye jalada alikivaa kitabu kifuani siku nzima, ndani ya shati. Hivyo ndivyo vinavyoazimwa kuliko vyote, na sishangai, kila mtoto anamjua aliyeandika na anamjua aliyesimulia, na mara nyingi ni shangazi yake.

Sisemi mambo yamenyooka. Kati ya Januari na Machi, mavuno hayajaiva na ghala zimekwisha, watoto wanakuja na tumbo tupu, na huwezi kumsomea mtoto mwenye njaa. Siku ambazo uji haupo tunaimba tu na kuwaachia. Vitabu vimepotea pia. Mwaka wa kwanza vilipotea tisa. Nimeandika kila kimoja kwenye leja. Mchwa walikula zaidi ya hivyo kwenye boksi moja.

Sasa yule wa mbuzi.

Alikuwa darasa la tano. Yeye na kaka yake walipokezana, mmoja akichunga mmoja akisoma, kwa hiyo nilimwona siku mbili au tatu kwa wiki. Aliazima kitabu kuhusu msichana anayemtafuta ndama aliyepotea, akaenda nacho malishoni. Asubuhi ya Jumatano nilimkuta amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, mkono mmoja nyuma. Hakuingia.

"Shikamoo mwalimu. Mbuzi."

Akatoa kitabu. Kona ya juu ilikuwa haipo, imetafunwa kwenye karatasi nne, kwa hiyo ni kurasa nane. Alikuwa ameshajiandaa, nilimwona amekaza mabega kama anayesubiri fimbo. Nilipitisha kidole kwenye ukingo uliotafunwa, bado una mate yaliyokaukia. Sikuwa na nakala nyingine. Nikasema, nikijisemea mwenyewe zaidi kuliko yeye, "Na maneno yaliyokuwa hapa?"

"Ninayo."

Nikamtazama. Akafumba macho, akaanza ukurasa wa kwanza ulioumia, akashuka nao. Alipofika penye tundu hakupunguza mwendo. Kidole chake kilikuwa kinafuata mistari hewani. Alikuwa amekisoma mara ngapi? "Sijui mwalimu. Kule hakuna kingine."

Tulikata vipande vya karatasi nyeupe kwa umbo la kila pengo, tukavipaka gundi ya ngano, tukavibandika, tukaweka jiwe juu mpaka kesho yake. Halafu akaandika, kwanza kwa penseli, kisha kwa wino, herufi zake kubwa zikibanana na zile za kiwandani. Kurasa nane zilimchukua siku tatu za mapumziko. Kwenye leja, safu ya maelezo, niliandika: "Kimetafunwa na mbuzi malishoni. Kimetengenezwa na msomaji."

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda mjini kwa shughuli za mshahara. Nikapata saa moja ya kusubiri, nikaingia maktaba ya mkoa. Kwenye shelfu ya watoto nikakiona kitabu kilekile, kizima, kona zote nne. Nikaketi nacho. Nilikuwa na picha za kurasa zetu kwenye simu, nikalinganisha neno kwa neno.

Alikuwa amekosea mahali pawili. Kitabu kinasema msichana aliteremka mpaka mtoni. Yeye ameandika "korongoni". Kwa upande wetu mto wenye maji mwaka mzima hatuna, tuna korongo la mchanga ambalo kiangazi unachimba ndipo upate maji. Na pale msichana anapomkuta mzee chini ya mti, kitabu kinasema: "Akamuuliza kama amemwona ndama." Yeye ameandika: "Akamwamkia, kisha akamuuliza kama amemwona ndama."

Nilikaa na kurasa zile mbili mbele yangu mpaka mkutubi akaja kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana, asante.

Niliporudi shule nilitaka nikiangalie tena chetu. Hakikuwepo kabatini. Nikafungua daftari la kuazima: kimechukuliwa tangu Jumanne, wasomaji wawili, darasa la pili na la sita.